Israfu ya Pumzi: Historia Fupi ya Gesi ya Nusukaputi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Amma baad.

BIRIKA LA MADRASA

Kama ulipita madrasa, basi humsahau maalim aliyesimama kando ya mfereji wakati wa kutawadha. Ukifungua maji mpaka yanarusha, unaitwa jina lako lote, la babako na la babu yako. Tulifunzwa kutawadha kwa birika moja, na likibaki tone, basi mwenzako anaoshea mguu. Baadaye tukasomeshwa sababu. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja ya maji. Mudd ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida, na wengi wanaikadiria kuwa haizidi robo tatu ya lita.

Iko pia ile hadithi ya Sa'd (R.A.) iliyomo katika Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) alimkuta akimwaga maji mengi katika udhu, akamkosoa. Sa'd akataka kujua kama kwenye udhu nako kuna israfu. Akajibiwa kwamba iko, hata mtu akiwa kwenye mto unaopita. Wanazuoni wameizungumzia isnadi yake, lakini maana yake inakubaliana na Qur'an, Suratul A'raf aya ya 31, ambapo Allah anatuhalalishia kula na kunywa kisha anatukataza kupita kiasi.

Sasa niambie, hadithi ya mto ni ya nani kama si yetu sisi? Wewe unayesoma haya Kangari, Murang'a mjini, Karatina au Nyeri unaishi chini ya Aberdare na Mlima Kenya. Mito ya Maragua, Mathioya, Chania na Sagana inapita kwetu mchana na usiku. Nairobi inakunywa maji ya Ndakaini yanayotoka huku huku Murang'a. Mtu wa jangwani habanii maji kwa ucha Mungu peke yake, anabania kwa sababu hana. Mtihani ni wa yule aliye kwenye mto.

Leo nataka nikutoe kwenye mfereji nikuingize mahali ambapo wengi wetu hatupendi hata kupafikiria, yaani thieta, chumba cha upasuaji. Humo mna mto mwingine. Ni mto wa hewa, na historia yake ya zaidi ya miaka 170 inatufunza kuhusu israfu mambo ambayo hata mimi sikuyatarajia nilipoanza kuyasoma.

GESI INAKWENDA WAPI?

Ni nadra kuipata familia ambayo haijapeleka mtu thieta. Kuna mama aliyejifungua kwa upasuaji, mzee aliyepasuliwa tezi, kijana wa boda boda aliyevunjika paja. Mgonjwa analazwa, anapewa dawa ya nusukaputi, analala. Aghalabu dawa ya kumwingiza usingizini ni sindano, na ya kumweka usingizini ni mvuke unaovutwa pamoja na oksijeni kutoka kwenye mashine.

Hebu tuulize swali la kitoto: ile gesi inakwenda wapi?

Watu wengi hudhani mwili unaimaliza, kama jiko linavyomaliza mafuta ya taa. Sivyo. Mtu mzima aliyelala usingizi wa nusukaputi anatumia kama robo lita ya oksijeni kwa dakika, basi. Na ule mvuke wa dawa unaingia kwenye mapafu, unafika kwenye ubongo kwa njia ya damu, unafanya kazi yake, kisha sehemu kubwa inatoka kwa pumzi kama ilivyoingia. Dawa iitwayo isoflureni, inayotumika sana siku hizi, mwili huvunja kama asilimia 0.2 tu ya ile uliyoipokea. Iliyobaki inarudi nje ikiwa nzima.

Sasa mashine ikifunguliwa lita 6 kwa dakika, kwa mgonjwa anayehitaji robo lita, hizo nyingine zinafanya nini? Zinapita karibu na mdomo wake na kutoka nje ya thieta, zimebeba dawa ambayo hakuna aliyeivuta. Huo ndio udhu wa mfereji uliofunguliwa mpaka mwisho.

KABLA YA GESI

Tuanze mbali kidogo, na kwa watu wetu. Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliishi Andalus karibu na Cordoba akaandika kitabu chake kikubwa cha At-Tasrif chenye sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, pamoja na michoro ya vyombo vyake. Ibn Sina (980-1037) katika Al-Qanun ameeleza mimea ya kupunguza maumivu na kuleta usingizi, ikiwemo afyuni. Walijua jambo moja muhimu, kwamba dawa ya usingizi ni kipimo. Ikipungua mgonjwa anateseka, ikizidi haamki.

Usingizi wa kuvuta kwa pumzi, kama tunaoujua leo, ulitangazwa kwa dunia tarehe 16 Oktoba 1846 mjini Boston, Marekani. Daktari wa meno William Morton alimpa mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari wa hospitali ya Massachusetts General, na uvimbe wa shingoni ukakatwa bila mgonjwa kupiga kelele. Mwaka uliofuata, 1847, James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Habari zilienea haraka, na mgonjwa hakulazimika tena kushikwa na wanaume wanne.

Lakini namna ya kuitoa dawa ilikuwa ya kumwaga. Kitambaa kinawekwa usoni, matone yanadondoshwa juu yake. Sehemu inaingia puani, sehemu inapaa chumbani, na daktari mwenyewe anaanza kusinzia. Njia hii ilidumu miaka mingi, kwa sababu ilihitaji chupa na kitambaa tu.

MTU ALIYEHESABU PUMZI

Hapa nataka umjue John Snow wa London. Huenda umemsikia shuleni, kwa kuwa ndiye aliyefuatilia kipindupindu mwaka 1854 mpaka kwenye bomba la maji la Broad Street, akaonyesha kwamba ugonjwa unaletwa na maji machafu. Kazi yake ya kila siku hata hivyo ilikuwa nusukaputi. Ndiye aliyempa klorofomu Malkia Victoria alipojifungua mwaka 1853 na tena 1857.

Mwezi Januari 1848 msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alifariki karibu na Newcastle akiwa amepewa klorofomu ili ang'olewe ukucha wa kidole cha mguu. Ukucha tu, ndugu yangu! Snow alikuwa miongoni mwa waliosema kwamba tatizo liko kwenye kutoa dawa bila kuipima, na akatengeneza vifaa vya kudhibiti kiwango cha mvuke.

Alipoanza kupima, ndipo alipoona lile ambalo wenzake hawakuliona. Mvuke alioutia mwilini ulikuwa ukitoka kwa pumzi bila kubadilika. Akajiuliza: kama unatoka mzima, kwa nini niutupe? Kilichoharibika katika pumzi inayotoka si dawa. Ni hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, iliyoongezeka ndani yake. Ukiiondoa hewa ukaa na kuongeza oksijeni kidogo, pumzi ile ile inaweza kuvutwa tena.

Kati ya miaka ya 1850 na 1851 akajijaribu mwenyewe. Alitengeneza chombo cha kuvutia pumzi zake tena na tena, ndani yake akaweka maji ya potashi ya kunyonya hewa ukaa. Akaona kwamba kwa dawa ile ile, usingizi unadumu zaidi. Snow alifariki mwaka 1858 akiwa na miaka 45. Wazo lake likakaa kabatini zaidi ya miaka 60, na dunia ikaendelea na kitambaa chake.

CHOKAA NA AL-QALI

Sasa fungua masikio, maana dawa ya israfu hii ni kitu unachokijua. Ni chokaa.

Mwaka 1915 Dennis Jackson wa St. Louis, Marekani, aliwalaza mbwa usingizi kwa saa nyingi kwa kutumia pumzi zao wenyewe zilizosafishwa hewa ukaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya vinyago vya kujikinga na gesi za sumu, wataalamu wakaboresha chembechembe za chokaa iliyochanganywa na soda kali. Kisha Ralph Waters, naye Mmarekani, akazitia chembechembe za namna hiyo kwenye mkebe, akauweka karibu na mdomo wa mgonjwa. Mgonjwa anapumua nje kupitia kwenye chokaa na kuvuta ndani kupitia humo humo. Makala yake ilitoka mwaka 1924. Kabla ya miaka 10 kupita, Brian Sword akaonyesha mabomba mawili yenye vilango vya upande mmoja, hewa ikazunguka kama gurudumu: inatoka kwa mgonjwa, inapita kwenye chokaa, inarudi kwa mgonjwa. Mashine nyingi za leo zinatumia mzunguko huo.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Hewa ukaa ikikutana na chokaa, inashikwa na kugeuka kuwa aina ya mawe, na joto na unyevu vinatoka. Ndiyo ile ile iliyowafaa wazee wetu wa pwani, waliochoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea misikiti. Ukuta wa chokaa unakauka na kuwa jiwe kwa sababu unanyonya hewa ukaa polepole. Ndani ya thieta inatokea kwa haraka, na chembechembe hutiwa rangi ya kutoa habari. Nyingi zikianza kugeuka kutoka nyeupe kuwa zambarau, ni wakati wa kuzibadilisha.

Na kama ulikuwa ukifikiri Kiarabu chako cha madrasa kinaishia kwenye sarufi, jua kwamba wanakemia wa dunia nzima huviita vitu vya jamii hii alkali. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mmea wa jangwani. Hata magadi tunayotia kwenye githeri yapikike upesi ni ndugu wa ukoo huo.

Waters hakuificha faida yake. Dawa na gesi zilizotumika zilipungua sana, mgonjwa hakupoteza joto na unyevu, na madaktari hawakuuvuta mvuke. Ilipokuja gesi ya siklopropeni miaka ya 1930, iliyokuwa ghali na yenye kulipuka, mzunguko wa chokaa ukawa lazima. Watu walibana matumizi kwa sababu mbili: bei na hofu.

NEEMA ILIPOKUJA, TUKASAHAU

Hapa ndipo historia inapotusuta. Mwaka 1951 mwanakemia Charles Suckling wa Uingereza alitengeneza halothini, na mwaka 1956 Michael Johnstone wa Manchester akaanza kuitumia kwa wagonjwa. Haikulipuka wala haikuwaka moto. Hofu ikaondoka. Gesi nazo katika nchi tajiri zilikuwa tele. Basi mifereji ikafunguliwa: lita 6, lita 8, hata 10 kwa dakika.

Tuwe waadilifu, ndugu msomaji, maana hata anayekosea ana hoja yake. Ukifungua gesi nyingi, mgonjwa anavuta kiwango kile kile ulichoweka kwenye mashine. Ukifungua kidogo, pumzi ya zamani inachanganyika na mpya, na bila kifaa cha kupima hujui mgonjwa anavuta nini. Vifaa vya kupima gesi kila pumzi havikuwa vya kawaida. Kwa hiyo kumwaga kulikuwa, kwa kiasi fulani, njia ya kununua usalama.

Lakini vifaa vilikuja. Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani alionyesha namna ya kupima oksijeni ya damu kwa mwanga unaopita sikioni. Kuanzia miaka ya 1980 vipimo vya gesi zinazoingia na kutoka kwa mgonjwa vikaenea katika thieta za nchi tajiri. Hoja ikaondoka, mazoea yakabaki. Tayari mwaka 1952 Foldes na wenzake walikuwa wameandika juu ya kutumia lita 1 tu kwa dakika, na mwaka 1974 Virtue akafika nusu lita. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kugeuza kifundo cha mfereji.

UPANDE WETU: SHULE YA UHABA

Je, huku kwetu? Hospitali kongwe za misheni za ukanda huu, kama Tumutumu karibu na Karatina, Mathari ya Nyeri na Chogoria upande wa Meru, zilianza katika zama ambazo etha na klorofomu za matone zilikuwa jambo la kawaida duniani. Tatizo la hospitali ya mlimani halikuwa mashine peke yake. Mtungi wa oksijeni ni chuma kizito, hujazwa mbali, na mvua ya Aprili ikikata barabara ya udongo, mtungi haufiki.

Uhaba huu ulizaa akili. Miaka ya 1950 kule Oxford, mwanafizikia Hans Epstein na profesa Robert Macintosh walitengeneza kifaa cha etha kilichoitwa EMO, yaani Epstein, Macintosh, Oxford. Hakikuhitaji mtungi wa kusukuma. Mgonjwa mwenyewe, au mfuko unaominywa kwa mkono, anavuta hewa ya kawaida ya chumbani kupitia juu ya etha, na kifaa kinaweka kiwango sawa hata joto likibadilika. Oksijeni kidogo, kama lita 1 kwa dakika, inaweza kuongezwa pembeni. EMO ilifanya kazi miaka mingi katika hospitali za wilaya za Afrika. Mwaka 1966 Maurice King alitoa kitabu kilichotokana na kongamano la Makerere juu ya tiba katika nchi zinazoendelea, na somo lake kuu lilikuwa hilo hilo: pima ulichonacho, kisha kitumie vizuri.

EMO haikurudisha pumzi iliyotoka, kwa hiyo mvuke ulipotea. Kilichookolewa ni oksijeni ya mtungi. Lakini mantiki ni ile ile ya birika, yaani hutumii usichohitaji.

Akili hiyo haijafa. Profesa Paul Fenton, aliyefundisha nusukaputi Malawi miaka mingi, alibuni mashine inayotengeneza oksijeni yake kutoka kwenye hewa ya chumba, na umeme ukipotea inaendelea kwa hewa ya kawaida. Hapa Kenya, hospitali ya Kijabe imekuwa ikiwafunza wauguzi kazi ya nusukaputi tangu 2007, ili hospitali ndogo nazo zipate mtu anayejua anachokifanya.

SASA TUKO KWENYE MTO

Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, mbili kwa kila kaunti, vikiwemo vya thieta. Mpango ule ulikuwa na maneno yake, wala si mada yetu. Ninachotaka ni hiki: mashine zenye mzunguko wa chokaa si ngeni tena kwetu, na mitambo ya kutengeneza oksijeni inazidi kujengwa. Kwa lugha ya hadithi yetu, tumetoka jangwani tumefika mtoni.

Lakini kumbuka Machi na Aprili 2021, wimbi la tatu la korona. Kila nyumba ilijifunza neno oksijeni. Watu waliangalia bei ya mtungi kwenye simu usiku. Mto unaweza kukauka kwa wiki moja tu.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ya darasa la 8. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule wa saizi ya J, hubeba lita 6,800. Mashine ikifunguliwa lita 6 za oksijeni kwa dakika, mtungi unaisha kwa saa 19 hivi. Ikifunguliwa lita 1, unafika saa 113. Upasuaji wa saa 2 utakula lita 720 kwa njia ya kwanza, na lita 120 kwa njia ya pili. Zilizobaki 600 ni saa 5 za oksijeni kwa mgonjwa wa wodini anayehitaji lita 2 kwa dakika. Mgonjwa huyo yuko ng'ambo ya ukuta, na wa thieta hakupungukiwa na chochote.

Dawa nayo ni hivyo. Kuna kanuni ya haraka wanayoitumia wataalamu: zidisha 3 kwa lita za gesi kwa dakika, kisha kwa asilimia ya mvuke, utapata mililita za dawa kwa saa. Kwa asilimia 1.5, lita 6 zinakula mililita 27 kwa saa, na lita 1 inakula 4.5. Chupa ya mililita 250 itakaa saa 9 au saa 55. Katika kazi halisi tofauti inapungua kiasi, kwa sababu dakika za mwanzo na za mwisho gesi lazima ifunguliwe zaidi, na chokaa pia ina bei yake. Hata ukitoa hayo yote, akiba iko.

Na gesi iliyotupwa haipotei. Inapanda. Kilo moja ya desflureni, mojawapo ya dawa hizi, inapasha dunia joto kama kilo 2,500 hivi za hewa ukaa katika miaka 100. Scotland iliacha kuinunua mwaka 2023, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Umoja wa Ulaya umezuia isitumike isipokuwa pale ambapo hakuna nyingine inayomfaa mgonjwa. Sitakudanganya kwamba barafu ya Mlima Kenya inayoyeyuka mbele ya macho yetu imeyeyushwa na thieta. Mchango wa gesi hizi ni mdogo. Lakini tone la udhu nalo ni dogo, na bado tuliulizwa.

ISRAFU SI UBAKHILI

Hapa nataka uwe makini sana, ewe kijana, usije ukasoma nusu ukatoka na fatwa. Kupunguza gesi hakumaanishi kumpunguzia mgonjwa usingizi, wala kumnyima oksijeni. Ukibana mgonjwa, hiyo ni dhulma, na inaweza kuwa kuua. Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu wale ambao katika matumizi yao hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, bali wanakaa katikati. Nusukaputi ya mkondo mdogo inakaa hapo hapo katikati. Mgonjwa anavuta anachohitaji chote, kinachopunguzwa ni kile kinachompita.

Ina masharti yake. Kwanza, kuwe na kipimo cha oksijeni inayovutwa, cha hewa ukaa inayotoka, na ikiwezekana cha mvuke wa dawa. Pili, chokaa iwe hai, haijabadilika rangi wala kukauka. Tatu, mabomba yasivuje. Nne, mtu wa nusukaputi awe amefunzwa, na asiondoke kichwani pa mgonjwa. Likikosekana moja, afungue gesi na asijilaumu, maana uhai unatangulia. Suratul Maida aya ya 32 imetuambia thamani ya kuokoa nafsi moja.

Na wakati mwingine akiba kubwa kuliko zote ni kutoihitaji gesi. Tangu August Bier wa Ujerumani alipofanya sindano ya mgongo mwaka 1898, mgonjwa anaweza kupasuliwa chini ya kiuno akiwa macho. Mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji leo wanamsikia mtoto akilia kwa njia hiyo. Anayeamua ni mtaalamu pamoja na mgonjwa.

TUFANYE NINI?

1. Wewe unayesomea udaktari, uuguzi au uklinika, jifunze kazi hii ukiwa bado mwanafunzi. Muulize mkufunzi wako: gesi hii inafunguliwa lita ngapi, na kwa nini? Uliza kwa adabu, lakini uliza.

2. Enyi wazazi na wafadhili, Ramadhan ni mwezi wa kutoa, na sadaka ya hospitali ni jariya. Lakini kabla ya kununua mashine nyingine, ulizeni kama iliyopo ina chokaa ya kutosha na kipimo cha gesi kinachofanya kazi. Mashine ya mamilioni isiyokuwa na mkebe wa chokaa itaendeshwa kwa israfu, hata mwenye kuiendesha awe walii.

3. Na sisi sote, tuanze nyumbani. Mtu anayeacha mfereji wazi akipiga mswaki kabla ya daku, na anayejaza sahani ya futari kisha nusu ikaenda kwa kuku, hatakuwa mwangalifu akivaa koti jeupe. Tabia haibadilishwi na nguo.

Ndugu msomaji, John Snow aliuliza swali moja tu mwaka 1850: kama kinatoka kizima, kwa nini nikitupe? Sisi tulikuwa tumeshafunzwa swali hilo kwa zaidi ya miaka 1,200 kabla yake, kando ya birika. Tukalijibu kwenye udhu, tukalisahau kwenye kila kitu kingine. Jioni ya leo utakapokwenda kutawadha kwa ajili ya Tarawehe, na maji ya Aberdare yanatiririka kwenye mfereji mbele yako, geuza kifundo kidogo. Halafu umwombee dua mgonjwa aliye thieta saa hiyo, na yule aliyekaa kichwani pake akihesabu pumzi.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru neema kwa kuitumia vizuri, azikubali saumu zetu, na awaponye wagonjwa wetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.